Mawe Matatu Mbele ya Nyumba Yetu

Namshukuru Mungu aliyenifikisha umri huu nikiwa na akili zangu, na aliyenipa mama mkali kabla hajanipa hekima.

Bati likipoa jioni hulia. Ta. Kimya. Ta-ta. Nikiusikia mlio huo, hata nikiwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, narudi Kisaju miaka ya tisini, katika nyumba iliyokuwa stoo ya ranchi kabla ya kuwa yetu: kuta za mawe, madirisha ya mbao zilizopasuka, paa lililoiva kutu. Baba alikinunua kiwanja hicho kutoka kwa mume wa Koko Nasieku, jirani yetu Mmaasai tuliyemwita koko, yaani bibi, kwa karatasi moja ya mkono yenye alama ya dole gumba. Hati miliki haikuwa imetoka. Baba alishinda kwenye kwari akichonga mawe wiki nzima, kwa hiyo mlinzi wa karatasi hiyo, na wa kila kilichosimama juu ya ardhi ile, alikuwa Mama.

Julai ya kule ni mawingu tangu asubuhi na nyasi kavu. Kisha saa kumi na mbili jioni jua linachungulia chini ya wingu, linapaka kila kitu rangi ya asali, na kabla hujaliota vizuri limekwenda.

Katika mwanga huo akatokea mwanamume mwembamba mwenye begi, akija kwa miguu kutoka barabara ya Namanga. Alisalimia kwa heshima, akasema anapiga picha za nyumba za zamani.

"Picha ya nyumba?" Mama akauliza. "Kwani inaolewa?"

Mgeni alicheka. Mama hakucheka. Yule mtu akatoa kifaa kidogo chenye mshale, akakiweka karibu na ukuta, eti anapima mwanga. Akarudi nyuma akihesabu hatua. Alipokuwa tayari, jua likazama. Akaokota mawe matatu, akayapanga pale alipokuwa amesimama.

"Nitarudi kesho, mama. Nisije nikapoteza mahali niliposimama."

Koko Nasieku alikuwa ameona yote. "Kwa shamba ya ndugu yangu wanyakuzi walianza hivyo hivyo," akasema, akitema ugoro. "Mawe kwanza. Waya nyuma."

Asubuhi Mama aliniita. "Mwende, kabla uende shule toa hiyo bikoni. Tupa mbali."

Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimesikia kwamba anayeng'oa bikoni, jiwe la mpaka, hufungwa. Sikuyatupa. Niliyabeba moja moja, yakinichubua tumbo, nikapita bustani ya sukuma wiki, nikapita jiko la nje, nikavuka hadi kwenye malisho ya Koko, nikayapanga vile vile. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kama lazima yapime kiwanja chetu, basi yapime kikubwa. Shule ya Jumapili nilikuwa nimefundishwa ubaya wa kusogeza mpaka wa jirani. Nikajiambia Koko ana nafasi ya kutosha.

Jioni mgeni alichelewa. Bati lilikuwa limeanza kulia, mwanga wa asali ukiwa umebaki kidogo. Mama alisimama mlangoni mwa jiko na panga, akijifanya anapasua kuni. Yule mtu akaangalia mawe, akaangalia nyumba, akajikuna kichwa.

"Jana nyumba ilikuwa kubwa."

"Na leo imekonda?" Mama akamjibu.

Akaangalia gauni langu, lililojaa vumbi tumboni. Akasimamisha kamera hapo hapo kwenye mawe, akapiga, akaaga.

Hakuna aliyeleta waya. Miezi ikapita, ndipo bahasha ikatufikia kupitia duka la Kisaju. Ndani mlikuwa na picha. Mama aliigeuza kwanza, akitafuta muhuri. Hapakuwa na muhuri, ila mwandiko wa kalamu.

"Soma."

Iliandikwa: Kwa msichana aliyehamisha mawe. Nyumba peke yake haingetosha.

"Imeandikwa asante kwa wenye nyumba," nikasema.

"Hakuna mtu anashukuru bure," Mama akajibu, akaifungia kwenye mkebe pamoja na karatasi ya kiwanja.

Kwa muda mrefu, kila gari lilipopunguza mwendo nilijificha kwenye sukuma. Niliamini yule mtu ameniandikia mashtaka, na kwamba picha ndiyo ushahidi.

Hati ilitoka, kwa jina letu. Stoo ilibomolewa. Mama alipolala katika Bwana, tulitafuta picha yake ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi, nami nikafungua mkebe. Hatukuwa na nyingine inayomwonyesha nyumbani kwake. Nyumba iko nyuma, ndogo. Mbele yuko Mama, panga mkononi, rangi ya asali begani, akimtazama mgeni kwa macho ambayo yasingempa hata kokoto moja. Nikaigeuza, nikasoma tena, safari hii kwa sauti, na ndugu zangu wakasikia dhambi yangu. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimekimbia shukrani miaka yote hiyo.

Nawe unayesoma, Mungu akulindie mpaka wako, na jirani yako amlindie wake, na mgeni akija mlangoni pako, akupe kumjua kabla jua halijazama. Amina.