Kiboksi cha Kabula na Viatu vya Shemeji

Pwani sikwenda kutembea, nilitumwa. Ilikuwa miaka ile ya tisini. Shemeji yangu Masanja, aliyemwoa dada yangu na kuhamia Kasokola, huku kwetu Mpanda, na ng'ombe wake kutoka Usukumani, aliuza baadhi ya hao ng'ombe ili binti yao Kabula asome mpaka chuo. Akasoma kweli, na sisi tukawa tunasubiri kumwona na kalamu mfukoni. Kumbe bwana, mfanyabiashara mmoja wa mchele akarudi kutoka Bagamoyo na habari nyingine: "Nimemwona Kabula wenu. Amekunja suruali mpaka magotini, anazoa matope ya baharini na kuyachekecha kama unga."

Siku hiyo Masanja hakugusa ugali.

"Ng'ombe wangu wamesomea matope!" akasema. "Matope hata Kasokola yapo. Shemeji, nenda ukaone. Kama ni kweli, rudi naye."

Mnauliza kwa nini mimi? Kwetu binti akiolewa, mjomba anakula mbuzi. Basi binti huyo akileta maneno, mjomba huyohuyo anapanda treni. Na kwa kuwa mimi wa kijiji cha Misunkumilo sikuwa na viatu vya kuonekana mbele za watu, Masanja akaniazima vyake vya harusi, vyeusi, vinang'aa hata kwenye kivuli. "Vitunze," akaniambia. Dada yangu akadakia, "Na mwanangu je?" Masanja akajibu kwamba huyo ana miguu yake.

Kutoka Mpanda treni ilikwenda kwa kujifikiria. Nilibeba karanga na dumu la asali ya kumpelekea Kabula, na kwa kuwa nawajua abiria, kila aliyeuliza nilimwambia ni mafuta ya taa. Tulipofika Tabora, mama mmoja akanisihi nimmiminie kidogo kwenye kibatari chake. Nikafungua, akanusa, behewa zima likapata asali. Dumu lilifika Dar es Salaam likiwa jepesi, nami nikiwa na marafiki wengi. Lakini nilikuwa nasimulia nini? Ndiyo, Bagamoyo.

Bagamoyo nilifika jioni kwa basi, vumbi mpaka kwenye kope. Kabula alikuwa amepanga chumba kwa Bi Mwanaidi, mama wa Kizaramo, mtani wetu sisi watu wa bara. Hata salamu hazijaisha akaanza.

"Mnyamwezi, umefuata chumvi?"

"Mimi Mkonongo wa Mpanda."

"Wote wabeba mizigo. Karibu, ule samaki. Miiba usimeze, huku hatuna fundi wa kuitoa."

Kabula akatoka ndani, akapiga goti. "Shikamoo mjomba." Nikamtazama. Suruali, ndiyo. Magoti, yana matope. Mfanyabiashara wa mchele hakusema uongo.

Asubuhi nikavaa viatu vya Masanja nikaenda kuiona bahari. Haikuwepo! Nawaambia ukweli wangu: palikuwa na mchanga, majani, madimbwi, na maji yakimetameta mbali huko kama bati la nyumba ya mtu mwingine. Kwetu mto Katuma ukikauka hivyo, viboko wanabanana kwenye dimbwi moja na kutukanana mchana kutwa. Nikarudi mbio kwa Bi Mwanaidi.

"Mama, poleni sana. Kiangazi kimeanza lini huku? Na viboko wenu wamekimbilia wapi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Maji yamekupwa, Mnyamwezi! Yatarudi. Yanakwenda na kurudi kila siku." Nikajua ananitania tu, maana maji yana akili gani ya kukumbuka njia?

Tukaenda kwenye kazi ya Kabula, tukipita kwenye mikoko, miti inayosimama kwenye tope huku mizizi imeinuliwa juu kama mama aliyeshika gauni asilowe. Viatu nikavivua vizuri, nikaviweka juu ya mchanga mkavu, kimoja kikitazama kingine. Nikamfuata mpaka kwenye nyasi za baharini. Nyie, chini ya maji kuna malisho! Masanja angeona angeanza kuuliza kama ng'ombe wanazila.

Kabula alikuwa na kiboksi cha mabomba ya plastiki, pande nne, katikati wazi. Anageuka, anakirusha nyuma ya bega bila kutazama. Kinapoangukia anapiga magoti na kuhesabu kila kilichomo: majani, kaa, konokono. Halafu anazamisha bomba, anatoa tope, analichekecha, anahesabu tena. Nikamuuliza kazi hiyo ni ya nini. Akasema wanataka kujua nani anaishi wapi, kwenye nyasi, kwenye mikoko na ndani ya tope, ili watu wakikata mikoko ijulikane nani kahama na nani kafa.

Basi kiboksi kikaangukia mahali pabaya, mchanga mtupu. Na mwalimu wake, mama mfupi mwenye kofia ya ukili, alikuwa anakuja kutazama. Aibu ikanishika mimi. Pembeni palikuwa na majani mazuri, na jongoo bahari amelala hapo, mnene kama mhogo. Kabula alipoinama kusuuza chekeche, nikakisogeza kiboksi kwa kidole cha mguu, taratibu. Mgeni anapewa sahani nzuri, sivyo?

"Mjomba! Umesogeza?"

"Nimekusaidia. Pale palikuwa na umaskini."

"Umaskini nao unahesabiwa!" Akakirudisha alipoona alama yake mchangani. "Nikichagua penye vinono tu, bahari itakufa mimi nikiandika haijambo."

Akachimba palepale penye umaskini, akachekecha. Wakabaki minyoo myekundu kama uzi, chaza wadogo kama punje za ulezi, na kidudu kimoja chenye miguu mingi kikanitazama kwa hasira. Mwalimu wake akaniuliza, "Mzee, hapo ulisema hapana kitu?"

Ndipo nikampa Kabula ujumbe wa baba yake, wote, pamoja na ng'ombe. Akapangusa mikono.

"Mwambie uliyoyaona, mjomba. Usiongeze, usipunguze. Akisema nirudi, nitarudi."

Tulipogeuka kwenda nchi kavu, bahari ilikuwa imekumbuka njia. Mchanga wangu mkavu haukuwepo. Viatu vya Masanja navyo havikuwepo. Bi Mwanaidi alinipa kandambili zake za waridi, zenye ua juu. "Zinakupendeza," akasema. Mtani hana huruma.

Kwenye treni ya kurudi, naona haya kusema, nilianza kumtungia Kabula ofisi. Tulipofika stesheni ya Kaliua, tayari Kabula alikuwa na feni, gari na dereva. Nilitaka Masanja afurahi, na mtoto abaki na kazi yake.

Kasokola, Masanja alikuwa uani, karibu na zizi. Kitu cha kwanza alichotazama ni miguu yangu.

"Viatu viko wapi?"

Hapo ningesema nini? Mtu aliyepewa lifti na gari lenye dereva harudi na kandambili za ua. Nikaanza na viatu, na ukweli ukishaanza ni kama asali ya Tabora, yote inamwagika: suruali, matope, minyoo, kidole changu.

"Kwa hiyo ni matope," akasema.

"Ni matope."

"Arudi."

Nikavunja mabua manne ya mahindi, nikayafunga kiboksi, nikakirusha nyuma ya bega. Kikaanguka uani.

"Hesabu, shemeji."

"Hapana kitu hapo. Mavi ya ng'ombe."

"Fukua."

Akafukua kwa kijiti, kunikomoa tu. Wakatoka mende wa mavi, mchwa, funza weupe, mbegu ya boga imeanza kuota. Akapiga goti. Akarusha mara ya pili mwenyewe. Kikaangukia ardhi kavu iliyopasuka, na nikamwona kwa macho yangu anakisukuma kwa kidole cha mguu kuelekea zizini, aliposimama dume lake kubwa.

"Rudisha," nikamwambia.

Akanitazama. Akacheka hadi dada yangu akatoka jikoni kuuliza nani kalewa. Halafu akakirudisha penye umaskini, akaanza kuchimba.

"Mwambie aendelee," akasema bila kuinua kichwa. "Ila kiboksi chake kikiangukia viatu vyangu, avihesabu."