Hodi Kwenye Nyumba Isiyo na Paa

Mama anayetuchekechea udongo hapa Siyu tunapochimba mabaki ya kale haruki ukuta. Kuta zenyewe za ile nyumba ya kale zimebaki kimo cha goti, na sisi wengine tunazivuka popote, lakini yeye huzunguka na chekeche lake mpaka penye kizingiti, akavua ndara na kupiga hodi. Hupiga mara mbili tu, kisha huingia upesi, kwa sababu mtu akipiga ya tatu asiitikiwe, adabu ni arudi kwao. Kutwa nzima vidole vyake hupita kwenye udongo kama vya mtu anayechagua mchele. Kigae humpa msimamizi papo hapo. Ushanga hukaa nao kwanza kiganjani, akiupuliza vumbi taratibu. Siku moja nilimwitikia kutoka shimoni, kwa mzaha: "Karibu, Bi!" Aliniangalia bila hasira. "Si wewe, mwanangu. Nawaita wenyewe."

Jana kazi ilikwisha, ikabidi tulifukie shimo, maana mawe yakiachwa wazi mvua huyala. Alikuja bila chekeche. Akavua ndara, akapiga hodi, akapiga ya pili, na hakuingia. Akapiga ya tatu, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba wenyeji wako chumba cha ndani. Tuliacha kufukia, makoleo mkononi. "Karibu" ilinifika kooni, nikaimeza. Aliyeitwa si mimi. Alingoja, tukangoja naye, kisha akaokota ndara zake akarudi kwao.