Seva Isiyoona Diski Yake

Jumanne nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya ofisi moja hapa katikati ya jiji, kiwiko changu tayari juu ya kaunta, karani alipoinua mkono na kutangaza, "System imelala."

Fundi akatoka chumba cha nyuma akijipangusa jasho. "Seva imewaka vizuri," akamwambia karani, "lakini haioni diski ya kuanzia kazi."

"Kwani hiyo diski iko wapi?" akauliza mama aliyesimama nyuma yangu.

"Iko tu ndani yake, mama."

"Iko ndani yake na haiioni?" Mama akanyoosha kiganja kuelekea chumba kile, akaanza kuiombea seva ifunguke macho. Foleni nzima ikaitikia amina, hata karani.

Fundi akasema atajaribu kuichomoa diski na kuirudisha palepale. Karani akalipenda wazo hilo kupita kiasi. "Sawa! Na nyinyi wote tokeni nje, halafu muingie upya."

Ungetarajia tubishe. Tulitoka. Tukasimama juani tukinyoosha kola, kana kwamba hitilafu ilikuwa yetu, kisha tukaingia, kila mtu palepale alipokuwa.

"Imeiona!" fundi akapiga kelele kutoka ndani. Mama akapiga vigelegele.

Nikarudisha kiwiko kauntani, nikitabasamu. Karani akanipima kuanzia viatu hadi kipara.

"Na wewe umetokea wapi? Hapa mbele sikukuona. Rudi nyuma ya laini."

Nikamwuliza fundi kama na huyu karani anachomoka.