Kiraka Kwenye Tanga

Mama fundi cherehani wa kile kijiji cha kisiwani huongea na pini mdomoni, maneno yakipenya pembeni. Tulitia nanga hapo kwa sababu tanga letu lilikuwa limechanika. Alilipitia kwa kidole gumba, pindo kwa pindo, huku akitugombeza: "Nyie watembezi wa baharini hamtunzi kitu!" Kwenye kiraka kimoja cha zamani kidole kikasimama. Akatema pini zote kiganjani. "Mshono huu ni wangu. Mwenye mashua yuko wapi?"

Tukamwambia alituuzia, sasa yuko mjini na mkewe.

"Na mkewe," alisema. "Mimi aliniambia atarudi. Haya, tanga limerudi." Akabana tena pini mdomoni, akaanza kukifumua kile kiraka, ambacho hakikuwa kimelegea hata uzi mmoja.