Kibuyu cha Dirishani

Nelba, mjane wa mjini Durazno, alikuwa na mdomo mkali na mkono mwepesi wa kumimina. Kila asubuhi alitia majani machungu kwenye kibuyu, akamimina maji ya moto, akanywa cha kwanza mwenyewe, kisha akampelekea jirani yake Heber dirishani. Goti la Heber lilikuwa bovu, ngazi za mlangoni hakuziweza tena. Basi alisimama nje na mkongojo wake, akafyonza mrija, akarudisha kibuyu, na Nelba akarudi jikoni kumimina kingine. Jikoni, dirishani, jikoni, dirishani, huku wakisengenya mji mzima.

Siku moja Heber alirudisha kibuyu akasema, "Asante."

"Mara hii? Umenichoka, mzee?" Maana kwao anayesema asante ndiye asiyetaka kingine.

"Nikuchoke wewe? Tumbo tu hilo, bibi wee. Kesho utanikuta hapa hapa."

Ndipo Fabián, mwana wa Nelba, alipokuja kutoka Montevideo, akabandika vihisi ukutani. "Ni vya gesi, mama. Ikivuja nitajua." Nelba akambusu. Mtoto anamjali mama yake, atake nini tena?

Havikuwa vya gesi. Vilifuatilia nyendo zake, vikatuma namba tupu, na akili mnemba ikazigeuza namba zile kuwa sentensi nzuri kwenye simu ya Fabián. Nelba aliyajua hayo siku mwanawe aliporudi na masanduku matupu, akamsomea: "Mama yuko peke yake. Anakwenda dirishani na kurudi jikoni, tena na tena, bila sababu. Huenda amechanganyikiwa."

"Peke yangu? Na Heber je?"

"Vihisi havijaona mtu mwingine humu ndani."

"Si yuko nje! Ungenipigia simu ukaniuliza. Ulimi ninao!"

"Mama, usinifanye mbaya. Kwenye makao ya wazee nimeshakupatia chumba. Na nyumba hii imeshapata mpangaji."

Kioo cha dirisha kikagongwa. Heber alikuwa amesimama nje na mkongojo wake. Fabián alimtazama vizuri tu, kisha akaendelea kukunja nguo za mama yake.

Hapo ndipo moyo wa Nelba ulipovunjika. Mashine ilikosea, sawa, lakini huyu wa kumzaa amemwona Heber kwa macho yake mawili na bado anakunja.

Labda ni haya zilizomshika Fabián. Alikwenda jikoni, akamimina, akamletea mama yake kibuyu. Nelba akanywa mpaka mrija ukalia, akamrudishia.

"Asante," akasema.

Hakuwa amewahi kumwambia mwanawe neno hilo.