Backlinks nilizonunua zilivyoizika site ya kumtafuta mama mzazi wa mdogo wangu, hapa Kamina

Wakuu, salaam kwenu wote wa jukwaa la tovuti na SEO.

Mimi huwa nasoma humu na kuondoka kimya. Juzi kuna mwenzetu aliuliza kama kununua backlinks kuna madhara, nikasema leo natoa yangu yote, hata yale yanayonifanya nionekane mjinga. Sijatia chumvi. Majina ya watu nimebadilisha, mambo yenyewe ni hivi hivi yalivyotokea.

Mimi ni mwanamke, mwalimu wa kompyuta, mzaliwa wa Kamina, Kongo, upande wa Katanga. Niliwahi kuishi Kigoma miaka kadhaa, ndiyo maana Kiswahili changu kimechanganyika. Mtanivumilia.

Habari za SEO zitasubiri kidogo. Bila kujua site ilikuwa ya nini, hamtaelewa kwa nini iliniuma.

Miaka ya tisini, vita vilipokuwa vinaikaribia Kamina, wake za wanajeshi wa Base walianza kuondoka. Base ni kambi kubwa ya jeshi nje ya mji. Watu wake walitoka kila pembe ya Kongo, wengi wakiongea Kilingala. Wakawa wanakuja gare, yaani stesheni ya treni, na mafurushi na watoto, kusubiri treni yoyote inayotoka.

Mama yangu, Mama Numbi, alikuwa karani wa shule ya kanisa. Siku hiyo alikwenda gare kumsindikiza dada yake. Treni ikaingia, watu wakaivamia.

Mwanamke mmoja asiyemjua kabisa akamgeukia na kumpa mtoto wa kike, umri kama miaka mitatu. "Mama, unishikie huyu kidogo."

Alikuwa na wengine wawili, akawapitisha dirishani, halafu naye akaingia ili ampokee huyu wa tatu akiwa ndani. Watu wakamsukumia katikati ya behewa. Treni ikaondoka.

Mama alikaa gare siku tatu na yule mtoto, akiamini mwenyewe atarudi. Siku ya nne alikuja naye nyumbani mgongoni. Kitu pekee tulichojua ni jina ambalo mtoto mwenyewe alilisema: Mado.

Vita vikaja, vikapita, vikaja vingine. Mara mbili Mama alikwenda Base kuuliza, akakuta zile nyumba zina watu wapya. Mado akawa mdogo wangu. Alisoma, akajifunza kushona, leo ana cherehani yake na watoto wawili.

Alipojifungua wa pili, hospitali walimuuliza magonjwa ya ukoo wake. Alitoka pale akaja moja kwa moja kwangu. Huku kwetu dada mkubwa anaitwa Yaya.

"Yaya Ngoie, weye njo unajua mambo ya internet. Unitafutie mama yangu."

Basi nikafungua site. Kitu rahisi tu, template ya bure, maelezo kwa Kifaransa, Kiswahili na Kilingala. Nikaandika habari ya Mado. Watu wakasikia, wakaniletea za kwao: wa Luena waliopoteza kaka, mzee wa kutoka Sanga kule ziwani ambaye hajamwona mkewe tangu wakimbie. Kila jina niliweka kwa ruhusa ya mwenyewe.

Shida ilikuwa haionekani. Uki-search maneno yote sahihi, inakuja ukurasa wa sita au wa saba. Nani anafika huko?

Hapo ndipo nilipokosea.

Nilikutana mtandaoni na jamaa anayejiita mtaalamu. Akaniambia site yangu ni nzuri ila haina backlinks, yaani hakuna site nyingine zinazoielekeza watu, na hapo hakudanganya. Akaahidi kuniletea mamia ndani ya wiki mbili. Sikumuuliza zitatoka wapi. Nilikuwa na haraka, wakuu. Mado alikuwa ananiuliza kila Jumapili baada ya ibada.

Nikalipa.

Wiki ya kwanza site ikapanda. Nilimpigia Mado kabisa, nikamwambia tuko ukurasa wa pili. Akaimba kwenye simu.

Baada ya kama mwezi, tukapotea. Hata nikiandika jina la site lenyewe, haitokei. Nikafungua dashibodi ya webmaster nikakuta ujumbe: site yako ina links zisizo za asili, imechukuliwa hatua.

Nikaanza kuzifungua moja moja. Kamari. Dawa za nguvu za kiume. Kurasa za lugha nisizozijua. Zote zimebandika maneno yale yale ya Kiingereza kuhusu kutafuta familia Kongo, neno kwa neno. Hata mtoto angejua si watu walioandika.

Lililonimaliza si hilo. Binamu yetu wa Lubumbashi aliona moja ya kurasa hizo, jina la Mado liko katikati ya picha za uchi. Akampigia Mado kabla ya kunipigia mimi.

Mado alikuja kwangu na simu mkononi. Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga.

"Yaya, jina yangu iko nafanya nini hapa?"

Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama yangu akifungua hii, atazani nilikuwa muntu gani?" Akaenda zake. Jumapili mbili hakuniuliza kitu.

Sasa wale mnaotaka ufundi, ni hivi.

Nilishusha orodha yote ya links. Niliwaandikia wenye site ninaowapata waziondoe. Wachache waliziondoa, wengine walikaa kimya, mmoja aliniomba hela ili aitoe. Zilizobaki nikaziweka kwenye faili la disavow, la kuzikana ili zisihesabiwe. Kisha nikaandika ombi la kuangaliwa upya.

Ombi la kwanza lilikataliwa. Nilijifanya sijui links zimetokea wapi, na pia nilikuwa nimesafisha nusu. La pili niliandika ukweli: nilinunua mwenyewe, nilimlipa mtu, hizi hapa zote, sitarudia. Likakubaliwa. Ila kukubaliwa si kupanda. Tulirudi pale pale, ukurasa wa saba.

Safari hii nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo. Ni nani hapa duniani ana sababu ya kweli ya kuitaja hii site?

Parokia yetu ina ukurasa. Nilikwenda kuongea na katibu, akaweka mstari mmoja. Kuna mzee mstaafu wa reli huko Luena ana blogu ya historia ya treni, picha za vichwa vya treni na majina ya mafundi wa zamani. Na kuna ukurasa wa watu waliokulia Base, sasa wametawanyika kila nchi. Mwingine alitaka tubadilishane links na duka lake la simu, nikamshukuru na kukataa.

Yule mzee wa Luena alinijibu vizuri sana: "Link peke yake haina maana kwa wasomaji wangu, binti. Niletee habari ya gare ya Kamina siku zile, iliyosimuliwa na mtu aliyekuwepo. Nitaichapisha na site yako nitaitaja."

Aliyekuwepo ni Mama. Na Mama hakutaka.

Tangu tuanze kutafuta alikuwa akitusaidia kwa shingo upande, mimi nikidhani anaogopa kunyang'anywa Mado. Mado naye alidhani hivyo. Akapiga magoti jikoni mbele yake, akamwambia, "Mama, minyi sitoke kwako. Niko nataka tu kujua."

Mama akaendelea kuchambua mboga. Halafu akasema kitu ambacho hatukuwahi kukisikia.

"Ule mama iko nazani niliiba mutoto yake. Minyi nilirudia nyuma juu niliogopa bantu. Kama ningesimama karibu na dirisha, angemubeba. Nitamuambia nini?"

Hilo la kurudi nyuma kwa kuogopa watu alikuwa amekaa nalo peke yake tangu siku ile.

Mado alimshika mikono yenye maji ya mboga. Mimi nilitoka nje, wakuu, sikuweza.

Kesho yake Mama aliniita mwenyewe. Alizungumza asubuhi nzima, nikaandika. Alisema mpaka lile la kurudi nyuma. Mzee wa Luena aliichapisha bila kuchezea neno lake. Wale wa ukurasa wa watoto wa Base wakaitaja kwa Kilingala, kwa maneno yao. Mwalimu mmoja Mbandaka akaiweka kwenye blogu yake. Sikumwomba, simjui hata leo.

Hizo ni links ngapi? Chache sana, zinahesabika kwa vidole. Lakini site ilianza kupanda polepole, na haikushuka tena.

Ujumbe ulikuja kupitia fomu ya site. Muuguzi wa Mbandaka anasema ame-search maneno ya gare, Kamina na mtoto aliyeachwa, na shangazi yake anaitwa Mama Bolumbu, mke wa sajenti wa Base, aliyeacha mtoto gare ile.

Sikuruka kwa furaha. Matapeli wawili walishanijia kabla yake. Kulikuwa na jambo moja ambalo sikuliandika popote kwa makusudi, nikamuuliza: mtoto alikuwa amevaa nini miguuni?

Jibu lilikuja baada ya saa moja. Kandambili moja kubwa ya kaka yake, mguu mwingine peku.

Ndivyo Mama alivyompokea.

Tulipiga simu mchana, spika wazi, kwenye uwanja wa nyumba yetu. Mado Kilingala hana tena, na Mama Bolumbu alikuwa amebakiwa na Kiswahili kidogo cha Base. Kwanza walilia tu. Waliitana majina. Mama yangu alikwenda kukaa mbali, mlangoni mwa jiko, amewapa mgongo.

Halafu tukasikia kwenye simu: "Mado, ule mama mwenye alikushika, iko muzima? Umupatie simu."

Mama alikuja kama mtu anayeitwa mahakamani. Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, unisamehe. Minyi sikuiba mutoto yako."

Sauti ya Mama Bolumbu ikapanda.

"Kuiba? Mama, minyi nilikuona! Nilifika ku dirisha ya nyuma. Ulikuwa nakimbia na treni, mutoto juu ya mabega, kitambaa ya kichwa imeanguka, hauikamate. Ulikimbia mpaka pa quai ya gare inaishiaka. Bale batoto bawili balikuwa nalia, nilikuwa nabaambiaka kila siku: Mado haiko yeye moya. Iko na mama mwenye anakimbia."

Mama alinitazama. "Nilikimbia?" akaniuliza mimi, kana kwamba nilikuwepo.

Hakumbuki. Mpaka leo anasema hakumbuki. Lakini ile siku alikaa chini pale pale uwanjani, akaongea na yule mama hadi salio likaisha, tukanunua lingine, likaisha.

Mado bado hajasafiri, Mbandaka ni mbali na njia ni ngumu. Wanapigiana kila wiki, na sasa anajifunza Kilingala.

Kwa aliyeuliza: ndiyo, links za kununua zina madhara. Ubaya wake ni kwamba zinaanza kwa kukufurahisha. Acha, na kama umeshafanya, sema ukweli kwenye ombi lako, usirembe. Kisha mtafute mtu mwenye sababu ya kukutaja, mpe kitu ambacho wasomaji wake wanakihitaji, na mwachie aandike kwa maneno yake. Inachukua muda. Mimi ilinichukua zaidi ya mwaka.

Waliowahi kupigwa penalty semeni mlitokaje, mimi bado najifunza. Na wewe mwenye blogu ndogo ya mji wenu unayedhani haisomwi na mtu, niandikie hapa chini inahusu nini. Bado nina majina mengi ya wanaotafutwa, na yule mzee wa Sanga bado anakuja kuniuliza.