Bunduki Aliyoichagua Fevronia

Nestor tulimkuta amefukiwa. Dubu wa kisiwa chetu cha Kodiak akishaua, mara nyingi hamalizi kula pale pale. Huukokota mzoga hadi vichakani, akaufunika kwa udongo na matawi, kisha akalala karibu akilinda. Tulichokiona kwanza ni kiatu cha mpira kimetokeza kwenye tuta la nyasi zilizong'olewa. Mkewe, Fevronia, ndiye aliyekishika akavuta. Kilichokuja hakikuwa mwili kamili.

Hakupiga kelele. Alivua koti akamfunika, akasimama akitazama vichaka huku mimi, jirani yao, na Zakhar, kaka yake Nestor, tumeelekeza bunduki kila upande. Dubu hakuwepo, na hilo lilitushangaza.

Bunduki ya Nestor ilikuwa kando ya mto, ndani ya matope. Ilikuwa Winchester fupi, ile nyepesi ambayo nusu ya wafugaji wa ghuba yetu wanayo. Fevronia aliiokota akaifungua. Bunduki ya aina hii ina wenzo chini ya kifyatulio. Unausukuma chini mpaka mwisho, ganda tupu linaruka nje. Unaurudisha, risasi mpya inaingia. Ganda moja lilikuwa limelala kwenye mawe. La pili lilikuwa bado ndani ya mtutu, tupu, na chini yake risasi nzima zilikuwa zimejipanga kama watoto wa shule.

"Alipiga mara mbili," Fevronia alisema. "Kisha akasukuma wenzo nusu tu. Akavuta kifyatulio juu ya ganda tupu."

"Bunduki ya kuulia kulungu," Zakhar alisema, akatema mate. "Nilimwambia."

"Si bunduki. Mkono wake ndio ulioogopa."

Walitazamana vibaya juu ya maiti, nikalazimika kuwaambia tumbebe kwanza.

Fevronia alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, miaka kama arobaini hivi. Alizaliwa katika familia ya wavuvi, na ng'ombe alianza kuwajua alipoolewa. Baada ya miaka michache alikuwa akizalisha mitamba kwa mikono yake mwenyewe, mkono umezama mpaka kwapani, huku Nestor ameshika taa na amegeuza uso pembeni. Watu walimtania Nestor kwamba ameolewa yeye. Alikuwa anacheka. Hawakuwa na mtoto. Waliishi na mama yake Nestor, bibi Agrafena, katika nyumba ya mbao yenye banya nyuma, na kila Jumamosi walipasha mawe wakaoga mvuke hadi ngozi ikawa nyekundu.

Baada ya maziko, Zakhar alikuja kunywa chai.

"Shemeji, uza ng'ombe. Hamia mjini. Kiwanda cha samaki kinatafuta watu."

"Na mama?"

"Mama atakaa kwangu."

"Kwako wapi? Kwenye mashua?"

"Bora mashua kuliko kusubiri dubu mezani."

Agrafena alikuwa akikata pai ya samaki. Alimwekea Zakhar kipande kidogo kuliko vya wengine, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Wiki iliyofuata ndama alichukuliwa karibu na ua, mamaye akapasuliwa ubavu lakini akabaki amesimama, utumbo ukining'inia. Fevronia alimmaliza ng'ombe yule, akanawa mikono, akaniomba nimpeleke mjini kwa boti yangu.

Duka la Harlan lilinuka mafuta ya bunduki na kahawa iliyoungua. Harlan alitoka Montana, na kitu alichokipenda kuliko kuuza ni kuzungumza. Alimpa Fevronia pole kwa maneno machache mazuri, halafu akapanga bunduki tatu za wenzo juu ya kaunta.

"Hii Marlin ni nyepesi kama ile ya marehemu, ila risasi yake nene zaidi. Kichakani ni nzuri. Hii ya katikati ni Savage. Haina nyundo ya nje, na risasi zake zinakaa kwenye gurudumu humu tumboni, kwa hiyo unatia zenye ncha kali. Inapiga mbali, mama. Ng'ambo ya bonde."

"Yule hatakuwa ng'ambo ya bonde."

"Na hii ya tatu," Harlan aliendelea, "ni Winchester kubwa. Wameacha kuitengeneza. Risasi yake, tazama." Akamwekea moja kiganjani, nene kama kidole gumba. "Ila nzito, na teke lake litakutegua bega."

"Nina bega jingine."

Aliishika Savage kwanza, akaiweka begani, akairudisha taratibu. "Nzuri sana hii. Ningekuwa nawinda mlimani ningeichukua. Lakini nataka nyundo niione kwa jicho langu, niijue imeamka au imelala." Zikabaki mbili. Akavaa glovu za sufu, zilizolowa kwa sababu alizichovya makusudi kwenye ndoo ya mvua pale mlangoni, akamwomba Harlan risasi za bandia. Akafumba macho, akaanza. Chini, juu. Chini, juu. Marlin, kisha ile kubwa, kisha Marlin tena, risasi zikirukia sakafuni, Harlan akiinama kuziokota.

Wavuvi wawili waliokuwa wakichagua ndoano walianza kucheka. "Mama, unasaga nyama?" mmoja akauliza.

"Lete kidole nikusagie."

Duka zima likacheka, na yule mvuvi akacheka zaidi ya wote. Fevronia hakucheka. Marlin ilimtii upesi, aliniambia baadaye, tena ilimtii kiasi kwamba angeweza kuisukuma nusu bila kujua. Ile kubwa ilitaka mkono wote. Ukikosea unahisi. Alichukua ile kubwa.

Alifanya mazoezi nyuma ya zizi, akilenga pipa la samaki lililojaa mchanga. Kila mlio uliwatimua ng'ombe hadi uani. Bega lake likawa jeusi kama ini. Jioni Agrafena alimsugua mafuta ya sili.

"Mwanangu, dubu hajakugusa na tayari umeshapigwa."

"Sugua tu, mama."

Mvua ya Oktoba ilipolegea, alfajiri moja mtamba alilia kando ya kijito, na kilio kikakatika. Tulikwenda watatu. Zakhar alikuwa amekuja siku mbili kabla, amenuna, akidai bunduki fupi ya mdogo wake. Fevronia alimpa bila ubishi.

"Zakhar," alimwambia tukiwa njiani, "wenzo mpaka mwisho."

"Unanifundisha bunduki, shemeji? Nimeua sili kabla wewe hujajua kuchemsha maji."

"Sili hakurudii."

Damu ilikuwa imepaka nyasi njia nzima kuelekea vichakani. Vichaka vya pale vimesukana, mtu huingia kwa kuinama, na ukishaingia huoni mbali kuliko urefu wa ng'ombe. Zakhar alitangulia. Nilimsikia akisema, "Hapa kuna tuta," halafu kichaka kikamwangukia.

Sijui kueleza kasi ile. Kitu cha rangi ya nyasi kavu kilitoka bila mlio, kikambiringisha Zakhar ardhini kama mtu anayekunja zulia. Alipiga risasi moja angani. Dubu alimshika kichwa kwa meno, nikasikia mfupa ukikwaruzwa, sauti kama ya kijiko chini ya sufuria. Zakhar alikuwa anapiga kelele ndani ya mdomo wa mnyama. Mimi bunduki yangu ilikuwa begani na sikuweza kupiga, kwa sababu walikuwa wamechanganyika, mkono, manyoya, koti.

Fevronia alinipita. Hakukimbia. Alisogea hadi mtutu ukakaribia kugusa manyoya, akapiga bega. Mfupa ulivunjika, niliusikia. Dubu alimwachia Zakhar, akageuka kwa miguu mitatu, mdomo umejaa nywele za mtu. Wenzo ulishuka mpaka mwisho na kupanda. Akampiga kifuani. Dubu akaja. Wenzo ukashuka, ukapanda. Ya tatu iliingia chini ya jicho, na mnyama akadondoka juu ya miguu ya Fevronia, akamwangusha naye. Fevronia akiwa amekaa kwenye matope, miguu imebanwa, alipiga ya nne kwenye shingo ambayo haikuhitaji tena kupigwa.

"Mtoe Zakhar," aliniambia. "Mimi nimebanwa tu."

Ngozi ya kichwa cha Zakhar ilikuwa imevuliwa kutoka paji la uso hadi nyuma ya sikio, ikining'inia kama kofia. Jicho la kushoto halikuwepo. Nilimshika miguu huku Fevronia akiirudisha ngozi mahali pake kwa vidole, akaiosha kwa maji ya kijito, akaishona kwa uzi wa kushonea nyavu. Zakhar alimtukana kwa matusi yote aliyoyajua ya Kirusi na Kiingereza, akaanza upya.

"Tukana," Fevronia alimwambia. "Ukinyamaza ndiyo nitaogopa."

Tulipomfunga vizuri na kumlaza, Fevronia alirudi kwa dubu. Alitaka kuona risasi za Nestor. Alimpasua, akapapasa mbavu, shingo, mapaja, akichana kila tabaka la mafuta. Hakukuwa na kovu wala risasi isipokuwa zake. Alipofika tumboni akaacha kisu.

"Jike," alisema. "Ana maziwa."

Hapo ndipo tulipowasikia watoto wake. Walikuwa wawili juu ya kilima kidogo, wamezaliwa mwaka ule ule, wakinung'unika kama mbwa waliofungiwa nje. Nilimwambia tuondoke, Zakhar anatokwa damu. Alisema wale bila mama watakufa njaa kabla ya theluji, au wataliwa na dume, na wakipona kwa bahati watakua wakiwa wameshaonja ng'ombe wetu. Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayehesabu sababu za kununua chumvi. Kisha akaiegemeza ile bunduki kubwa kwenye mti na kuichukua fupi ya Nestor pale matopeni, akaipangusa.

"Kwa nini hiyo?" nilimuuliza.

"Ile itawararua."

Wa kwanza alianguka papo hapo. Wa pili alipanda kwenye kichaka akimlilia mama, na Fevronia alingoja hadi aliposhuka. Kati ya milio ile miwili nilisikia wenzo, chini mpaka mwisho, juu mpaka mwisho. Aliporudi uso wake ulikuwa umevimba ingawa hakuwa amelia. Tulimbeba Zakhar hadi botini, tukampeleka mjini.

Alipona. Daktari alisema mishono ile ilikuwa mibaya na imemwokoa. Alirudi kwenye ghuba na jicho moja na kichwa chenye mistari ambayo nywele zilikataa kuota, na mashua yake akaiuza. Majira yote ya baridi alikata kuni za Agrafena. Habari ya kuuza ng'ombe haikutajwa tena. Fevronia alijisikia vibaya watu walipomsifu kwa kulipa kisasi. "Nimeua mama wa watu," alikuwa anawajibu, na waliomsifu walitafuta maneno mengine.

Theluji ilipoyeyuka, nilikuwa nikitafuta fahali aliyepotea kwenye korongo juu ya pale Nestor alipofukiwa na dubu. Nikakuta mifupa. Dume kubwa la dubu, fuvu lake pana kama kiti, kunguru na mbweha wameshamaliza kazi yao. Nilimwita Fevronia. Alipiga magoti akaanza kuchambua udongo chini ya mbavu, mfupa mmoja mmoja. Aliipata risasi ya kwanza imejibana kwenye uti wa mgongo. Ya pili ilikuwa kwenye majani, imepasuka kama ua. Nusu ya ghuba wana risasi ndogo za aina ile, ila upande ule hakuna mwingine aliyekuwa amempiga dubu dume mwaka ule.

Dubu alikuwa ametembea na risasi zile mbili mwendo usiofika hata nusu saa, akalala, hakuamka.

"Nestor alimuua," Fevronia alisema. "Alimuua kweli." Akacheka kidogo, halafu kicheko kikageuka, nikasogea mbali nikajifanya bado namtafuta fahali.

Jioni alimwekea Agrafena zile risasi mezani, karibu na kikombe. Bibi aliokota moja, akaipima kiganjani, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Zakhar aliinamisha kichwa chake chenye makovu ili aone kwa jicho lake moja.

"Mbona ndogo hivi?" Agrafena aliuliza.

Fevronia alimwongezea chai, akatia sukari, akakoroga yeye mwenyewe, kwa sababu mikono ya bibi ilikuwa imefumba ile risasi.